Usimwongezee Baba Vidole

Baba alinukia grisi hata Jumapili. Siku nyingine hilo halikuwa jambo la ajabu, maana alikuwa fundi wa baiskeli pale Kisian, mahali barabara ya Busia inapopita katikati ya vibanda, na kazi yake ilikuwa minyororo, nati na tyubu zilizotoboka. Lakini Jumapili, baada ya kuoga na kuvaa shati lake jeupe la mikono mirefu, alipita kwanza nyuma ya nyumba ambako baiskeli yake mwenyewe iliegemea ukuta. Aliinama, akaushika mnyororo kana kwamba anaukagua, kisha akaenda kanisani viganja vikiwa vyeusi. Mama alilalamika kuhusu shati, na Jumapili iliyofuata Baba akafanya vilevile. Harufu ile ya grisi iliyochanganyika na sabuni ya mche ndiyo harufu ya utoto wangu, na hadi leo nikipita karibu na fundi wa baiskeli mjini Kisumu hupunguza mwendo kidogo.

Kwetu salamu ni ya mkono. Hata mtu akikukuta unaparua samaki au umetoka shambani na tope, huwezi kumnyima salamu, na pia huwezi kumchafua. Unakunja ngumi ukiiangalisha chini, unamnyooshea kifundo cha mkono, naye anakishika hapo na kukitikisa, mnaendelea na habari za nyumbani. Kila mtu hufanya hivyo mara mojamoja. Baba alifanya hivyo kila siku na kwa kila mtu, kwa wateja, kwa mchungaji, hata kwa wakwe zake. Mkono wake wa kulia haukuwa na vidole viwili vya mwisho, cha pete na kile kidogo. Vilichukuliwa na mashine ya kukamua miwa katika kiwanda kidogo cha sukari nguru upande wa Kibos, kabla mimi sijazaliwa. Nyumbani tulijua, na kwa kuwa tulijua, hatukuangalia. Hakuna aliyetukataza. Hiyo ndiyo ilikuwa adabu yetu: macho yalipita juu ya mkono wa Baba bila kutua. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimeishi nyumba moja naye maisha yangu yote, na mtu angeniuliza vidole vile vilikatikia kwenye fundo lipi hasa, nisingeweza kumjibu.

Muhula wa pili wa darasa la sita tuliletewa mwalimu mpya wa sanaa. Aliitwa Madam Nekesa, alitoka upande wa Bungoma, na Dholuo yake, lugha ya kwetu, iliishia kwenye salamu, kwa hiyo alizungumza nasi Kiswahili hata nje ya darasa. Sanaa ilikuwa somo la Ijumaa mchana, kipindi ambacho walimu wengine walikitumia kusahihishia madaftari au kututuma kuchota maji. Tulitarajia atuambie tuchore nyumba na jua. Yeye akatuambia tuchore mkono. Darasa zima likafurahi, maana hilo tulilijua vizuri. Kila mmoja aliweka kiganja juu ya karatasi, akapitisha penseli kando ya vidole, na kwa dakika moja tulikuwa tumemaliza na tumekaa wima tukisubiri sifa. Madam alipita kati ya madawati, mikono nyuma, akitazama karatasi moja baada ya nyingine.

"Naona trafiki wengi," akasema. "Wote wanasimamisha gari. Hakuna mtu anafanya kazi kwa hii darasa?"

Wiki iliyofuata alikuja na katoni za sabuni alizozikata vipande. Kila mmoja alipewa kipande, akakitoboa katikati kwa penseli na kukisukuma mpaka juu ya vidole, hivi kwamba ulipochora hukuweza kuona karatasi yako. Tuliviita miavuli. Ulitakiwa kuweka mkono wa kushoto juu ya dawati, ukautazama dakika kumi nzima bila kugusa penseli, kisha ukauchora polepole, jicho likitambaa kwenye ukingo wa kidole na penseli ikitambaa pamoja nalo. Raba zote alizikusanya na kuzifungia kwenye dawati lake. Mstari uliokosea ulibaki hapohapo ukikuangalia. Michoro yetu ya kwanza ilikuwa vituko. Kuna mtoto alitoa kitu kilichofanana na kuku aliyenyonyolewa, tukacheka mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja dirishani. Madam Nekesa hakucheka. Aliinua karatasi ile ya kuku akatuonyesha mikunjo miwili midogo juu ya fundo la kidole gumba, akasema mikunjo hiyo ni ya kweli, huyu ameona. Yule mtoto, ambaye hakuwahi kusifiwa kwa lolote, alitembea wima wiki nzima.

Nilimpenda mwalimu huyu kwa namna ambayo ilinitia wasiwasi. Sikuwahi kuona mtu mzima akikivumilia kitu namna ile. Angeweza kusimama kando ya dawati lako robo saa, akitazama mkono wako na karatasi yako, kisha akagusa nafasi kati ya kidole na kidole na kukuambia uchore hiyo nafasi, vidole vitajileta vyenyewe. Na ni kweli vilijileta. Lakini pia lazima niseme kwamba nilikuwa na majivuno. Kabla hajaja, mimi ndiye niliyekuwa mchoraji wa darasa. Nilichorea wenzangu ramani, moyo na figo, hata bendera ya taifa kwenye daftari la uraia. Mkono wangu ulijua kufanya kitu kionekane kizuri, na nilichukia kidogo kuona mikunjo ya kuku ikisifiwa kuliko vidole vyangu laini.

Wiki chache kabla ya siku ya wazazi, Madam alitupa kazi ya kufanyia nyumbani. Kila mmoja angemchora mtu mzima wa nyumbani kwao, mkono wa kulia tu, ule wa kazi, na mtu huyo lazima awe amekaa mbele yako. Michoro ingetundikwa kwenye ukuta wa darasa bila majina, na wazazi wangepita kuitafuta mikono yao. Wenzangu walitoka wakibishana nani atamchora nani. Mimi nilibaki nimekaa. Mama alikuwa Pap Onditi muhula ule, akimuuguza bibi. Nyumbani tulikuwa mimi, mdogo wangu, na Baba. Nikiutundika mkono ule, Kisian yote itakusanyika kuuangalia, mkono ambao Baba alikuwa ameuficha miaka yote kwa grisi. Nisipoutundika, nitakuwa mtoto pekee ambaye kwao hakuna mkono.

Nilifanya lililokuwa jepesi kwangu. Nilikaa nyuma ya nyumba nikachora mkono wa Baba kutoka kichwani, vidole vitano, kila kimoja na kucha yake, na kivuli safi chini ya kiganja. Sikuona kama nadanganya. Niliona nampa zawadi. Nilimrudishia vyote viwili, nikavinyoosha vizuri, na nilipomaliza nilijisikia mwema kiasi kwamba jioni ile nilimwandalia Baba maji ya kuoga bila kuambiwa. Ijumaa nilikuwa wa kwanza kupeleka karatasi. Madam Nekesa aliichukua, akaiangalia, akaendelea kuiangalia.

"Huyu ni nani?"

"Baba yangu, Madam."

"Anafanya kazi gani?"

"Ni fundi wa baiskeli."

Akaiweka karatasi juu ya meza, akaigeuza inielekee. "Atieno, huu mkono haujawahi kufungua nati," akasema taratibu. "Kucha zote ni moja. Hakuna mahali spana imemuuma. Ulimwona mtu hapa, ama ulichora tu?"

Nilianza kusema nilimwona, nikaacha. Nikamwambia ukweli, nikiangalia viatu vyake: Baba hana vidole viwili. Nilingoja anifokee. Darasa nyuma yetu lilizidi kelele, naye hakulinyamazisha. Kisha akanikunjia ile karatasi mara mbili, akanirudishia.

"Basi usimwongezee," akasema. "Kama hataki kukaa, ni haki yake, usimlazimishe. Njoo uchore mkono wangu, nitakaa. Lakini usimwongezee baba yako vidole. Ukimwongezea, unamwambia vile viko havitoshi."

Nimefundisha miaka mingi sasa na sijapata kusema kitu cha haki kama hicho kwa mtoto. Wakati ule, hata hivyo, kiliniuma. Nilizunguka nacho siku nne. Nilikuwa narudi kutoka shule, nasimama kando ya kibanda cha Baba, namtazama akizamisha tyubu kwenye karai la maji kutafuta panapotoka mapovu, na kila nikifungua mdomo anakuja mteja. Siku ya tano hapakuwa na mteja. Mambo ya shule Baba alipenda kuyazungumza kwa Kiswahili chake cha barabarani, labda akiona ndiyo lugha ya shule, kwa hiyo nami nikaanza kwa Kiswahili. Nikamweleza kazi yote, mwalimu, ukuta, siku ya wazazi. Sikumficha kwamba nilikuwa nimechora mmoja wa uongo ukakataliwa.

Aliendelea kusugua kiraka kwa msasa. "Watu wataona?"

"Wote, Baba."

"Na ukichora ya madam?"

"Nitatundika hiyo. Amesema ni sawa."

"Ni sawa," akasema, na nikadhani yameisha. Alibandika kiraka, akakigonga kwa kitako cha spana, akakiangalia muda mrefu kuliko kiraka kinavyohitaji. "Lakini hiyo itakuwa mkono ya madam."

Kesho yake alifunga kibanda jua likiwa bado juu. Nilimkuta uani akinawa. Alisugua mikono kwa mchanga, akasugua kwa sabuni, akamwaga maji, akarudia tena, mpaka karai likatoa maji meupe. Sikuwahi kuuona mkono ule ukiwa safi. Kisha akaleta kigoda, akapindua karai tupu mbele yake, akaulaza mkono wa kulia juu yake, kiganja chini. Macho aliyapeleka upande wa ziwa, ambalo kutoka kwetu lilikuwa ni mstari tu wa fedha nyuma ya miti. Nami, kwa mara ya kwanza, nikatazama.

Kama nilivyokuwa nimefundishwa, dakika kumi bila penseli. Vidole vile vilikatikia kwenye fundo la kwanza kutoka kiganjani, vikabaki vinundu viwili vifupi, ngozi yake ikiwa laini na yenye kung'aa. Kidole cha kati kilikuwa kimepinda kuelekea nje, kuelekea mahali wenzake walipokuwa, kimekuwa kinene kwa kufanya kazi ya watatu. Kulikuwa na kovu jeupe chini ya gumba, na ukucha wa kidole cha shahada ulikuwa umegawanyika katikati na kukua hivyohivyo. Ilikuwa mikono mingi ndani ya mkono mmoja. Nilikuwa nimejiandaa kuona kitu cha kutisha au cha kuhurumia, na sikuona chochote cha namna hiyo. Niliona mkono uliokuwa umetulisha. Nikaanza kuchora.

Hata hivyo tabia haiachi mtu kwa siku moja. Nilipofika upande ule wa vinundu, mkono wangu wenyewe ulifanya ujanja wake wa zamani: nikavichora kama vidole vilivyokunjwa ndani, kivuli kikiwa kizito, hivi kwamba mtu angedhani Baba ameshika kitu. Baba alikuwa ameacha kuangalia ziwa. Aliinamia karatasi.

"Hapa umeficha," akasema. "Hii si yangu. Anza tena, nyathina."

Aliniita mtoto wake, kwa Dholuo, kwa sauti ambayo haikuwa na ukali. Karatasi ilikuwa moja tu, kwa hiyo nikaigeuza na kuanza upya upande wa pili. Nikichora, akaanza kusimulia, bila kuulizwa. Kwamba alikuwa akisukuma miwa kwenye mashine huku akimsimulia mwenzake hadithi ya harusi fulani, akageuza kichwa ili amwone akicheka. "Nilikuwa mtu ya maneno mingi wakati huo," akasema. Hilo lilinishangaza kuliko ajali yenyewe. Baba yangu mimi alikuwa mtu wa kujibu kwa neno moja. Sikuwa nimefikiria kwamba kulikuwa na Baba mwingine kabla yake, aliyependa kuchekesha watu, na kwamba mashine ile ilimchukua pamoja na vidole.

Siku ya wazazi darasa letu lilijaa. Madam Nekesa alikuwa amefunga kamba za mkonge kutoka dirisha hadi dirisha na kuibana michoro kwa vibanio vya nguo. Mama Awuor, mkaanga samaki wa pale barabarani, alikuwa wa kwanza kujitambua, kwa madoa ya mafuta ya moto yaliyopanda mpaka kifundoni. Aliita watu waje waone jinsi mwanawe alivyomwanika. Kila aliyeupata mkono wake alisimama chini yake, kama Madam alivyoomba, mpaka karibu mikono yote ikawa na wenyewe. Mmoja ulibaki. Watu walikuwa wanaukwepa, wakiuangalia kwa pembe ya jicho na kuhamia mwingine upesi. Ilikuwa adabu yetu ileile ya nyumbani, ila sasa ilikuwa ya kijiji kizima, na nikauona ubaya wake wazi. Baba hakuwepo. Nilianza kutamani kuuvuta ule mchoro na kuuficha kifuani.

Alikuja amechelewa, na shati lake la Jumapili. Alisimama mlangoni akitafuta kwa macho, kisha akapita katikati ya watu mpaka kwenye kona, akasimama chini ya mchoro wangu, akageuka akatutazama wote. Kelele zilipungua. Madam Nekesa alimwendea kumsalimia. Niliuona mkono wa Baba ukianza kukunjika ngumi kama ulivyozoea, kifundo kikitangulia. Halafu ukafunguka. Akampa mkono wote, safi, na vidole vyake vitatu vikaufunika wa Madam.

"Mimi ndiyo huyu," akasema, akionyesha juu kwa kidevu. "Atieno amechora vizuri. Hakuacha kitu."

Mama Awuor alikuwa wa pili kumshika mkono. Sikumbuki wa tatu, maana nilikuwa nalia na sikutaka mdogo wangu aone. Sitasema Baba aligeuka mtu mwingine siku ile. Kibandani aliendelea kutoa kifundo, na wateja waliendelea kukitikisa. Lakini Jumapili iliyofuata alitoka chumbani akaenda kanisani moja kwa moja, bila kupitia nyuma ya nyumba.

Madam Nekesa alihamishwa mwaka uliofuata, na kipindi cha Ijumaa kikapewa hesabu, kwa kuwa sanaa haikuwa kwenye mtihani. Sikumwona tena. Kila ninalojua kuhusu kazi yangu nililipata kwake katika mihula michache, na sidhani kama alijua. Sasa sanaa imerudi shuleni, nami naifundisha kwa watoto wa Kisumu ambao wana karatasi nzuri, rangi, na penseli za kila ugumu. Nawapa kazi ileile. Wengi huupiga picha mkono wa mama kwa simu, wakaenda kuuchora chumbani kutoka kwenye kioo, wakikuza na kupunguza kwa vidole viwili. Wanachora vizuri kuliko sisi, hilo lazima nikiri. Lakini mama hajakaa, na mtoto hajakaa naye, na mara nyingi mkono unaotoka hapo hauna habari yoyote. Mimi huwarudisha nyumbani, nao hunung'unika, nami huwahubiria kuhusu kutazama mpaka wanachoka.

Muhula uliopita nilitaka mfano wa kuwaonyesha, nikakaa sebuleni kuchora mkono wa binti yangu Akinyi, ambaye ana miaka kumi na miwili. Alikuwa chumbani na mimi nilikuwa mvivu wa kumwita. Simu yangu imejaa picha zake tangu alipozaliwa; nilidhani namjua. Nilipomaliza niliweka penseli nikaona vidole vitano vizuri, kucha zote moja. Nikamwita. Alikuja akakaa, akanipa mkono wake juu ya meza, nami nikaanza kuutazama. Upande wa ndani wa kidole cha shahada palikuwa na kovu, refu, lililokwisha kupona na kupauka. Nikamuuliza alikatwa na nini, na lini.

"Mama, hii ni ya kitambo," akasema. "Nilikuonyesha. Ukasema pole."